Musisinye karatasi ku kilio

Kila kifo cha barabarani kiko na sababu, na kila sababu iko na mwenyewe. Sheria ya inchi yetu inajua njia ya kumufikia. Lakini mara nyingi jamaa ya marehemu njo inafunga ile njia kwa mukono wake yenyewe, siku ya mazishi.



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa miaka yangu ya kwanza kama delege wa sendika. Asubui moja, jua haijatoka, bisi ya kazi ilikuwa inapeleka wenzetu ku mugodi, kati ya Fungurume na Kolwezi. Remorke moja ilikuwa imesimama ku barabara tangu usiku, pine imepasuka. Taa hakuna, triangle hakuna. Shofere wake alikata matawi ya miti, akayatupa ku gudroni nyuma ya remorke, kisha akaenda kutafuta pine. Bisi yetu iliingia chini ya ile remorke. Wenzetu wane hawakufika ku kazi siku ile, wala siku ingine.

Kesho yake wakubwa wa biro ya personeli walifika ku kilio. Walileta sanduku, viloba vya unga, mafuta, na bahasha ya makuta. Walileta pia karatasi moja ya Kifaransa. Mjane alikuwa amelala ku mukeka, hajakula tangu jana. Wakaniita miye, delege, nimusaidie kusinya. Nilimushikia kalamu. Nilimwambia: "Mama, sinya tu, ni ya makuta ya mazishi." Sikukuwa nimesoma ile karatasi mpaka chini. Chini kuliandikwa kama jamaa imepokea kila kitu, na haitauliza tena kitu kwa mutu yeyote, hata mu tribinali.

Ule mama anauzisha makala ku kona ya avenue yetu. Tukikutana ananisalimia vizuri. Hiyo salamu njo inaniuma. Habari hii naiandika juu yake, ili delege mwingine asishike kalamu namna nilivyoishika.

Mungu hakukata yale matawi

Ku kilio cha mutu aliyekufa barabarani, maneno ni yale yale. Mumoja atasema: "Ni Mungu njo alipenda." Mwingine: "Accident ni accident, tutafanya je?" Wa tatu, mwenye kutoka ku sosyete, atasema polepole: "Shofere alikimbiaka, kwa hiyo dossier iko fini."

Miye ni mukristo, naamini Mungu. Lakini Mungu hakukata yale matawi. Ni mutu aliyakata, juu mu kamyo yake hakukuwa triangle. Na hakukuwa triangle juu kuna mutu aliyeacha ile kamyo itoke ku parking bila triangle. Ukiuliza namna hii, polepole, unafika ku jina la mutu ao jina la sosyete. Tuangalie basi sababu tunazoziona sisi wenyewe ku barabara hii, kutoka Kolwezi mpaka Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa.

Ya kwanza ni usingizi. Kamyo inayokwenda kilometre 80 kwa saa inakula metre 22 kwa segonde moja. Shofere akisinzia segonde tatu tu, amekwisha enda metre 66 kama kipofu. Mu metre 66 kunaweza kuwa kijiji, masomo, watu wa makala na makinga yao. Lakini juu ya nini shofere anasinzia? Ametumia siku nyingi mu mustari wa Kasumbalesa, analala mu kabini, anapikia chini ya remorke. Siku anapovuka, telefone inaanza kulia: "Uko wapi? Klienti anangojea." Wengi wanalipwa prime kwa hesabu ya safari. Ukilala, prime inalala. Hapo shofere ndiye anashika volani, lakini ni mutu mwingine aliandika ile hesabu.

Ya pili ni gari lenye kusimama. Usiku, kamyo ya rangi ya vumbi, bila taa, haionekane mpaka umefika karibu sana. Mara nyingi, wakati kamyo inatengenezwa na kuondoka, mawe na matawi yanabaki katikati ya njia. Mutu wa taximoto anayakuta nyuma. Triangle inagharimu kiasi kidogo kuliko pine moja. Mwenye gari anayekosa kuinunua hawezi kusema alikuwa maskini.

Ya tatu ni freni na pine. Shofere anajua mapema kama freni haishike vizuri. Anamwambia mukubwa wa garaje, na mukubwa anamujibu: "Enda nayo tu leo, tutaangalia ukirudia." Neno hilo "tu leo" limejaza makaburi. Na mujue hesabu hii: speed ikiwa mara mbili, umbali wa kufunga freni unakuwa mara ine, si mara mbili. Na tani za cathode ao za cobalt ziko nyuma zinasukuma.

Ya ine ni kudubla mu vumbi ao ku kilima, bila kuona mbele. Magari mingi yanayofika kwetu kupitia Dar es Salaam na Zambia volani yao iko ku mukono wa kuume, na sisi tunatembea ku mukono wa kuume wa barabara. Shofere mwenye kuketi kule hawezi kuona mbele ya kamyo anayotaka kudubla mpaka atoe gari yote inje. Wakati anaona, amekwisha kuonwa na kifo.

Ya tano ni muzigo. Tukumbuke kijiji cha Kabwe, ku barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, tarehe 20 mwezi wa 2, 2019. Kamyo ya asidi sulfuriki, asidi ya kutumika ku mine, iligongana na magari mengine, ikapinduka. Watu karibu 20 walikufa, na wengine waliunguzwa na ile asidi. Ku RN1, upande wa Kongo Central, fasi ya Mbuba, tarehe 6 mwezi wa 10, 2018, kamyo ya mafuta ilishika moto na watu zaidi ya 50 walikufa. Na kule Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 mwezi wa 7, 2010, kamyo ya mafuta ilipinduka, watu wakakaribia na ndoo na mabidon, kisha moto ukalipuka: zaidi ya watu 200. Wamama, mufundishe watoto: kamyo ya mafuta ao ya asidi ikianguka, tunakimbia mbali, hatuendi kuchota. Lakini maneno haya yasifunike lile lingine: mwenye kubebesha muzigo wa kifo kati ya vijiji ana lazima ya kuchagua gari nzima, shofere mwenye kupumzika, na gari ya kutangulia mbele ya kuonya watu.

Sisemi kama pombe haiko. Iko. Sisemi kama mashimo ya barabara hayako, na wakati tunalipa ku peaje tuko na haki ya kuuliza. Sisemi pia kama sisi wafanyakazi hatuna kosa: tunapanda nyuma ya bene juu ya muzigo, tunamwambia shofere wa bisi "ongeza, pwentaje itafunga". Lakini mulione jambo moja. Karibu kila sababu niliyoitaja ilianza mbele ya safari, mu biro ao mu garaje. Ilimalizika tu barabarani.

Mulango wa kwanza: parke

Sheria iko na milango tatu. Musichanganye, juu kila mulango uko na ufunguo wake.

Mulango wa kwanza ni wa malipizi. Kodi penali yetu, kitabu cha pili, artikle 52, inasema kama mwenye kosa la kuua bila kukusudia ni yule aliyeleta ubaya kwa kukosa kuona mbele ao kwa kukosa uangalifu, hata kama hakuwa na nia ya kumugusa mutu. Artikle 53 inataja malipizi ikiwa mutu amekufa: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na amande.

Someni vizuri ile artikle 52. Haiseme "shofere". Inasema "yule". Kama mukubwa wa garaje alijua freni imekufa na akatuma kamyo, na yeye alikosa kuona mbele. Kama mutu wa planin alirudisha ku barabara shofere aliyetoka kuendesha usiku kucha, na yeye anaweza kuulizwa. Ni kazi ya majistra wa parke kutafuta. Lakini majistra atatafuta kama jamaa na sendika wanamupelekea majina na mashahidi. Akipata tu PV yenye kusema "shofere alishindwa gari", ataishia pale, na shofere ataingia mu gereza peke yake.

Shofere akikimbia, hilo ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Tunajua wengine wanakimbia juu ya kuogopa kuchomwa na watu wenye hasira. Wakimbilie basi ku posti ya polisi ya karibu, waseme "ni miye". Na sisi watu wa vijiji, tuache kuchoma mashofere na makamyo. Kamyo ikiungua, karatasi za muzigo zinaungua, na haki ya mayatima inaungua pamoja nayo.

Mujue pia wakati: kwa kosa la namna hii, kisha miaka 3 parke haiwezi tena kumufuata mutu kama hakuna kilichofanyika. Jamaa inayongojea "sosyete itatuita" inaweza kungojea mpaka mulango umefunga.

Mulango wa pili: patroni na asiransi

Gereza ya shofere haileti bukari ku meza. Mulango wa pili ni wa malipo.

Kodi sivili yetu, kitabu cha tatu, iko na artikle tatu ambazo kila delege anapashwa kujua kwa kichwa: 258, 259 na 260. Ya 258 inasema kila mutu aliyeharibishia mwenzake kwa kosa lake anapashwa kulipa. Ya 259 inaongeza: hata kama ni kwa uzembe ao kukosa akili tu. Ya 260 njo yetu hasa: patroni anajibu juu ya ubaya uliofanywa na mutu wake wa kazi, akiwa mu kazi aliyomupa. Patroni hawezi kuponyoka kwa kusema "miye sikukuwa mu kamyo". Sheria inajua hakukuwa mu kamyo. Lakini kamyo ilikuwa inamutafutia makuta.

Hapa kunatoka mambo mawili ambayo watu hawajui. Shofere akikufa naye mu accident, kesi ya malipizi inakufa pamoja naye, lakini deni ya patroni haikufi. Na shofere akikimbia asionekane tena, bado patroni anaweza kuitwa. Kwa hiyo ile sauti ya "dossier iko fini" ni uongo.

Ugumu wa kwetu ni sutretansi. Mine inampa muzigo sosyete ya transporte, transporte inakodi remorke kwa mutu mwingine, shofere anaajiriwa na wa ine. Siku ya kifo, kila mumoja anaonesha mwenzake kidole. Dawa yake ni rahisi: plaki ya kichwa cha kamyo na plaki ya remorke, zote mbili, juu mara nyingi wenyewe ni wawili mbalimbali. Na karatasi ya muzigo, ambapo kumeandikwa nani alituma, nani anabeba, nani anapokea. Na plaki hizo, avoka anaweza kuita wote mbele ya jije, na jije njo atasema nani anabeba.

Kisha kuna asiransi. Tangu sheria ya tarehe 5 mwezi wa 1, 1973, kila gari yenye kutembea ku barabara za inchi inapashwa kuwa na asiransi ya kulipa watu wengine inaowaumiza. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Tangu Kodi ya asiransi ya tarehe 17 mwezi wa 3, 2015, masosyete mengine yalipata ruhusa, na ARCA inayasimamia. Kwa hiyo mu PV munapashwa kuona jina la sosyete ya asiransi na namba ya polisi yake. Kwa makamyo ya kutoka Zambia ao Tanzania, muulize Karti ya Njano ya COMESA: ile karti inasema kama asiransi ya kule inalipa watu wanaoumizwa huku. Wengi wetu tunafikiri kamyo ya plaki ya inje haina mwenyewe. Iko naye.

Malipo hayo hayaombwe na mutu mumoja kwa wote. Mjane anaomba juu ya yake, watoto juu ya yao, na wazazi wa marehemu, kama aliwalisha, juu ya yao. Mutu anaweza kuomba mu kesi ile ile ya penali, kwa kujifanya "partie civile". Kama parke inalala, jamaa inaweza kupita njia ya "citation directe", kupeleka jambo mbele ya tribinali yenyewe. Kwa mwenye hana makuta ya avoka, Baro iko na biro ya kushauri bure watu wasio na uwezo. Muulize fasi ya tribinali. Na mukimbie yule anayekuja ku kilio na "prokirasyo" mu mufuko, anasema atawatafutia makuta yote mukimupa nusu.

Mulango wa tatu: CNSS

Mulango huu ni wa wafanyakazi peke yao, na njo unasahauliwa sana.

Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016 inasema kama accident inayomupata mufanyakazi mu njia ya kutoka nyumbani kwenda ku kazi, ao ya kurudia, ni accident ya kazi, ikiwa hakukata njia yake kwenda kufanya mambo yake mengine. Sawa akiwa mu bisi ya sosyete, sawa ku taximoto, sawa ku kinga, sawa kwa miguu. Hapa hatutafuti nani alikosa. Tunatafuta tu: alikuwa mufanyakazi? Alikuwa mu njia ya kazi? Kama ndiyo, CNSS inalipa sehemu ya mazishi, na mjane na mayatima wanapata rante.

Makuta ya tawi hili hayatoki mu mushahara wako. Ni 1,5% ya mushahara, na inalipwa na patroni peke yake. Njo maana mapatroni wengine wanasahau. Angalieni leo, mukiwa wazima: kwanza, uko na namba ya CNSS? Pili, mushahara uliotangazwa kule ni ule unaoshika kweli ku mukono? Juu rante inahesabiwa ku mushahara uliotangazwa. Mutu anayelipwa dola 500 na kutangazwa 150, siku akikufa, watoto wake watakula ya 150. Watu wa sutretansi, muangalie mara mbili.

Patroni njo anapashwa kutangaza accident kwa CNSS. Asipofanya, jamaa yenyewe ijipeleke itangaze, isingojee. Delege, hii ni kazi yako. Na CNSS haifungi mulango wa pili: kama kuna mutu mwingine aliyekosa, jamaa bado inaweza kumuuliza ile sehemu ambayo CNSS haikulipa.

Lakini milango yote tatu inaulizia karatasi. Akte ya kifo, akte ya ndoa, akte za kuzaliwa za watoto. Ndugu, wangapi kati yetu tulitoa mali kwa wakwe, tukakula karamu, na hatukufika ku etasivili kuandikisha ndoa? Siku ile, wandugu wa marehemu wanamwambia mama: "Weye haukukuwa bibi wa kweli," wanakamata nyumba, na wanakamata hata ile bahasha. Ndoa ya desturi inaandikishwa ku komini. Mutoto anaandikishwa mu siku 90 kisha kuzaliwa. Na wandugu wajue: mu Kodi ya familia, wariti wa kwanza ni watoto. Si kaka mukubwa.

Siku tatu za kwanza

Ushahidi wa barabarani haukawii. Mvua inafuta alama za pine, garaje inavuta kamyo, shahidi anapanda bisi anaenda kwao. Wakati wamama wanalia, mutu mumoja wa jamaa, mwenye kichwa baridi, afanye haya.

Apige picha na telefone: magari yote namna yalivyosimama, plaki zote, pine, alama za freni ku gudroni, triangle ao matawi. Aandike majina na namba za telefone za mashahidi watatu ao wane, hata mwenye kuuza mikate kando ya njia. Aende ku polisi ya barabara, PCR, aulize namba ya PV na jina la OPJ aliyeiandika, na aombe croquis isisahauliwe. Aulize hopitali ao morgi karatasi ya munganga yenye kusema sababu ya kifo. Mu makamyo mengi ya leo kuna mashini ya GPS yenye kuandika speed na masaa ya kuendesha: jamaa imwandikie majistra barua, imwombe akamate zile habari mbele hazijafutwa.

Na ile karatasi ya ku kilio? Sanduku, unga na bahasha, mupokee. Si dhambi, na sosyete yenye roho nzuri inapashwa kuzileta. Lakini musisinye siku ile. Museme: "Asante, tutaisoma kisha mazishi." Kama wanasema hawawezi kutoa makuta bila sinyatire, basi mwandike kwa mukono wenu, juu ya sinyatire: "reçu pour frais funéraires uniquement, sous réserve de tous mes droits." Maana yake: nimepokea ya mazishi tu, na haki zangu zote nazichunga. Mukate maneno haya mu gazeti, muyabandike nyuma ya mulango.

Na mwenye amekwisha sinya asikate tamaa. Ile karatasi haisimamishi parke, juu kifo cha mutu si mali ya jamaa ya kuuzisha. Ni jambo la inchi. Haigusi CNSS. Na haki ya watoto ni ya watoto. Aioneshe avoka. Hilo miye nilikuja kujua nyuma sana, wakati miaka ya mama wa makala ilikuwa imekwisha kupita.

Kwa ndugu mashofere

Musifikiri sendika inawakamata ninyi. Shofere ni mufanyakazi kama sisi, na mara nyingi njo anakuwa wa kwanza kukufa. Nawaambia tu: siku ya msiba, patroni aliyekuambia "enda nayo tu leo" atasema hakusema kitu. Kwa hiyo andika. Kila kamyo iko na kaye yake: andika tarehe, andika "freni ya nyuma haishike", uulize mukubwa asinye, upige picha ile ukurasa. Kama hakuna kaye, tuma mesaje ku telefone na uichunge. Kukataa kutoka na kamyo mubovu kunaweza kukupokonya kazi ya juma moja, na hapo uite delege wako. Kutoka nayo kunaweza kukupa miaka 2 ya gereza na makaburi ya watu mu akili yako.

Na sisi madelege, tuache kujadiliana mushahara peke yake. Mu komite ya usalama na afya ku kazi, tulete swali la bisi: shofere amelala masaa ngapi? Pine ni za lini? Nani aliandika saa ya kufika, na inawezekana bila kukimbiza? Mu kontra na masutretansi, tuulize triangle, mikaba ya kiti, na asiransi yenye haijakufa.

Yule wa pili

Mu jamaa zile ine, kulikuwa mjane mwingine ambaye hakusinya. Haikuwa juu ya akili yangu. Mudogo wake, mutoto wa sekondari, alikamata ile karatasi akaisoma kwa sauti mbele ya kilio chote, mustari kwa mustari, akigeuza Kifaransa mu Kiswahili. Alipofika ku maneno ya mwisho, wazee walinyamaza. Mama alisema tu: "Rudisheni kalamu yenu."

Waliandika plaki mbili. Ya kichwa ilikuwa ya mutu mumoja, ya remorke ilikuwa ya mwingine. Shofere hakupatikana. Kesi ilikawia sana, iliahirishwa mara nyingi kupita hesabu, na siku zingine mama alienda ku tribinali kwa miguu. Mutoto wake wa mwisho alikuwa mu maternelle wakati wa mazishi; siku jije aliposoma hukumu, alikuwa mu mwaka wa 5 wa primaire. Makuta hayakukuwa yote avoka aliyoomba. Lakini pamoja na rante ya CNSS, ile nyumba haikuuzishwa, na watoto hawakufukuzwa masomo.

Wanaume wawili walikufa mu bisi moja, asubui moja, chini ya remorke moja. Mjane mumoja anauzisha makala, na mwingine amekaa mu nyumba yake. Kati yao kulikuwa tu sinyatire, na mutu mumoja aliyesoma mpaka chini.